Wembe hautengenezwi, hufuliwa

MSOMAJI mmoja wa safu hii, mwalimu wa ufundi wa vyuma karibu na Awendo, Kaunti ya Migori, ameniletea swali ambalo sikulitarajia. Anawaandikia wanagenzi wake maelezo ya Kiswahili kuhusu jinsi ya kuunda wembe wa kukunja kwa mikono, bila mashine yoyote ya umeme. Amekwama kwenye kitenzi. Je, wembe hutengenezwa, huchongwa, hufuliwa ama hunolewa?

Jibu ni kwamba vitenzi hivyo karibu vyote vina kazi, ila kila kimoja na hatua yake. Kisicho na kazi hasa ni ‘tengeneza’. Sisi tuliojifunza Kiswahili darasani tumekipachika kila mahali: tunatengeneza chai, barabara, nywele na hata uhusiano. Ajabu ni kwamba mzungumzaji wa Dholuo hafanyi hivyo katika lugha yake. Kuunda au kurekebisha kitu kwa jumla ni ‘loso’, lakini kufua chuma ni ‘thedho’, na mhunzi ni ‘jatheth’. Akivuka kuja kwenye Kiswahili, tofauti hiyo anaiacha mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba nasi tunayo.

Nilipopita Homa Bay majuzi nilimuuliza fundi mmoja wa jua kali: “Jaduong’, hapa mnatengeneza visu?” Akacheka. “Japuonj, kutengeneza ni kama redio imeharibika. Hii chuma tunaigonga, tunaifua.” Mwanafunzi wangu angeandika ‘hii chuma’ ningemsahihisha, iwe ‘chuma hiki’. Lakini kitenzi cha mzee yule kilikuwa sahihi kuliko changu.

Kufua ni kupigapiga. Ndiyo maana hufuliwa nguo, dafu na chuma. Na kazi hiyo si ngeni sehemu hizo. Katika maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, Migori, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka 2018, kuna dalili za ufuaji chuma, nayo majembe ya Samia yaliuzwa huku na huku kandokando ya ziwa kabla ya ukoloni. Hilo jembe lenyewe ni ndugu wa wembe. Tazama maumbo: j-embe, w-embe, ki-j-embe. Mzizi ni ule ule, ngeli ndiyo inayobadilika. Kijembe, kabla hakijawa maneno ya kuchoma mtu rohoni, ni kisu kidogo.

Turudi kwa mwalimu wetu. Rasimu yake inaanza vyema: “Chukua tupa kuukuu.” Anajua anachofanya, kwa kuwa chuma cha tupa huwa na kaboni yapata asilimia 1 au zaidi, ilhali springi ya gari ina takriban asilimia 0.6, na wembe unahitaji ugumu huo. Hofu yake ni kwamba vijana watasoma ‘tupa’ wakidhani wanaamriwa kurusha kitu, maana karakanani wanasema ‘faili’. Mimi ningeacha ‘tupa’ na kuongeza maelezo mara moja tu: kile kifaa chenye meno cha kukerezea chuma. Hili ni neno la zamani, na faili tayari ina kazi yake ofisini.

Tupa hiyo hupashwa hadi iwe nyekundu, kisha hufukiwa majivuni ipoe polepole ili ilainike. Hapo ndipo inafuliwa: koleo mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, fuawe chini, na mtu wa kuvuta mivukuto. Umbo likishapatikana, chuma hupunguzwa kwa tupa nyingine. Kitenzi ‘chonga’ kinafaa hapa, si kabla. Mgongo wa wembe uachwe na unene wa takriban robo ya upana wake au zaidi kidogo, kwa sababu wakati wa kunoa wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja. Mgongo ndio unaopima pembe ya makali, nayo huwa kati ya nyuzi 14 na 17. Ukiukosea, kinoo hakitakusaidia.

Sasa tunafika palipo na hatari. Rasimu inasema: “Pasha chuma tena, kisha tia maji.” Mwalimu ananiambia mafundi wake huita hatua hiyo ‘kutia maji’ hata wanapotumia mafuta. Kwa fundi mzoefu hakuna shida, bwana, yeye anajua anachomaanisha. Lakini mwanagenzi anayesoma peke yake atatia maji kweli, na chuma chembamba kama hicho, chenye kaboni nyingi, kikipoa ghafla majini hupasuka. Kazi ya siku nzima inakwisha kwa sauti ndogo tu, ‘tik’. Ningeandika hivi: “Pasha hadi sumaku isikishike, kama nyuzi 770 za Selsiasi, ongeza moto kidogo, kisha zamisha kwenye mafuta.” Kitenzi ‘zamisha’ hakimlazimishi msomaji kuwaza maji.

Hata hivyo chuma hicho sasa ni kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Hurudishwa kwenye joto la chini, kama nyuzi 200, hadi uso wake uliosuguliwa uwe na rangi ya nyasi kavu. Rasimu imeita hatua hii pia ‘kupasha’. Vijana watachanganyikiwa, na wakikipasha hadi wekundu watakuwa wameharibu yote waliyofanya kwenye mafuta. Napendekeza ‘kutuliza’.

Baada ya kutulizwa ndipo hunolewa kwenye kinoo, kisha hupitishwa kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Makali yakiisha tunasema wembe umesenea, neno zuri ambalo ‘kuwa butu’ linaelekea kulifukuza. Mpini, wa pembe ya ng’ombe kwa mfano, ndio huwa ala pia, kwa kuwa wembe hujikunja ndani yake.

Mwalimu ameuliza pia kama ‘wembe’ ndilo neno sawa, maana vijana wakilisikia huwaza kile kipande chembamba cha dukani. Ndilo. Lilikuwapo kabla King C. Gillette hajapata hataza ya wembe wake Marekani mwaka 1904. Wembe wa dukani ndio uliorithi jina. Aandike ‘wembe wa kukunja’ mara ya kwanza, kisha ‘wembe’ basi.

Kuhusu wingi: wembe huu, nyembe hizi. ‘Mawembe’ si sanifu, ingawa ukiyaitisha dukani Rongo utauziwa bila maswali.