Muuguzi Mpya Wodini: Kwa Nini Cheti Pekee Hakitoshi



Ndugu wasomaji, tunapompeleka mgonjwa hospitalini, mara nyingi tunapokelewa na muuguzi kijana aliyehitimu hivi karibuni. Akisita kidogo, au akienda kumuuliza mwenzake, tunanung'unika: "Huyu alisoma nini?" Tulitazame swali hilo kwa makini.

Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, anatofautisha elimu ya nadharia na busara ya vitendo. Kijana anaweza kuwa hodari wa hesabu, lakini busara ya vitendo humchelewa, kwa sababu inahusu mambo mahususi, na hayo hujulikana kwa uzoefu. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alieleza hali kama hiyo katika uuguzi kwa ngazi tano. Anayeanza hushika kanuni moja moja. Bingwa huingia wodini akatambua mapema mgonjwa anayeanza kuzidiwa.

Hapa Tanzania, mhitimu wa shahada ya uuguzi hupitia mwaka mmoja wa utarajali. Hata hivyo, akiajiriwa bado ni mgeni katika hospitali hiyo. Anahitaji mafunzo elekezi, nayo yana sehemu tatu.

Kwanza ni mazingira: toroli la dharura liko wapi, mtungi wa oksijeni unafunguliwaje, daktari wa zamu anapatikanaje usiku wa manane.

Pili ni taratibu: makabidhiano ya zamu, uandishi wa kumbukumbu, na mambo matano ya kuhakiki kabla ya kutoa dawa, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni muuguzi mlezi. Huyu ni mzoefu anayepangwa zamu moja na mgeni kwa wiki kadhaa. Mgeni hutazama kwanza, kisha hufanya akitazamwa, mwisho hufanya mwenyewe huku mlezi akiwa karibu.

Watumishi wakiwa wachache, sehemu hii ya tatu ndiyo huachwa mapema. Kijana huonyeshwa wodi asubuhi, na baada ya siku chache anabaki peke yake zamu ya usiku. Kosa likitokea, lawama zote ni zake. Wengine husema atajifunza humo humo kazini. Ni kweli atajifunza, lakini kwa mwili wa nani? Kwa hiyo kumpatia mlezi ni suala la haki: haki ya mgonjwa, na haki ya kijana mwenyewe.

Mtakatifu Kamili wa Lellis (1550–1614), msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, hakuishia kuwahimiza wenzake wawe na huruma. Aliwaandikia pia kanuni za namna ya kumhudumia mgonjwa. Alijua kwamba huruma nayo hufundishwa.

Basi, wanaoongoza hospitali, hasa zile za Kanisa, wampe mlezi muda wa kulea, wasimhesabie kama kazi ya ziada. Nasi waamini, tukimwona muuguzi mpya anauliza kabla ya kutenda, tusimkaripie. Anayeuliza anamlinda mgonjwa wetu. Sisi waseminari, tunaolelewa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa roho za watu, tuwe wa kwanza kulielewa hilo na kuwaombea.