Kitunguu cha Uani Si Lazima Kiwe cha Mboga

Ndugu msikilizaji, leo tuangalie chini, pale uani kando ya ukuta. Mvua za kwanza zikinyesha, ziwe za vuli au za masika, udongo wa Bunju na Mbagala huchipua maua ambayo hakuna aliyeyapanda mwaka huo. Kiangazi chote yalilala ardhini, yakiishi kwa akiba ya vitunguu na viazi vyake. Tuyatambue matatu.

La kwanza ni mpira mwekundu. Hutoka bua moja nene, mara nyingi kabla ya majani, na juu yake vijiua vyembamba, pengine hadi 200, hukusanyika duara. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, nalo ni mwenyeji wa Afrika.

La pili ni dogo, jeupe au la rangi ya waridi, lenye petali sita, ua moja kwa kila kikonyo. Hili ni Zephyranthes, mgeni kutoka Amerika. Majani ni kama nyasi, na kitunguu chake chaweza kudhaniwa kitunguu kichanga cha mboga. Fikicha jani: la mboga litanukia kitunguu, hili halinukii hivyo. Usionje.

La tatu hupanda uzio kwa ncha za majani zinazojikunja. Petali zake, nyekundu na njano, hupinda kwenda juu kama ndimi za moto. Ni Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe.

Yote matatu yana sumu, lakini la tatu ndilo hatari zaidi. Kiazi chake hufanana na kiazi kitamu chembamba, nacho kina kolkisini, dawa ya jongo inayopimwa kwa miligramu. Huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kukila wakidhani ni chakula. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kutapika na kuharisha huanza saa kadhaa baadaye. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe pia.

Je, tung'oe yote? Mimi sisemi hivyo. Ila ua hudumu siku chache tu, na kitunguu hubaki ardhini mwaka mzima bila jina. Basi likichanua, chomeka kijiti pale pale na uwaonyeshe watoto. Atakayeshika jembe wakati wa kiangazi atajua anachimba nini.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.