Dadu ya mezani si dadu ya vitani

Wahenga walinena kwamba vita havina macho. Aghalabu methali hii hutumiwa kutuonya kuwa vita humwangamiza mwenye hatia na asiye na hatia. Lakini inabeba maana nyingine pia: mapigano yenyewe hayaoni yaendako. Je, michezo ya vita, ambayo vijana wetu huicheza katika kompyuta na ambayo majeshi makubwa yameitumia kwa takriban karne mbili kuwafunza maofisa, inatueleza ukweli kuhusu bahati?

Tuanze na lugha. Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Nasibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu aliloandikiwa mtu. Ajali, kwa asili hiyo hiyo, ni muda uliowekwa. Sadfa nayo ni mambo kukutana bila ya kupangwa. Anayesema nasibu anafikiria mgawaji. Anayesema sadfa hamfikirii yeyote. Tofauti hii si ndogo, kwani anayeliona jambo kuwa fungu lake hana haja ya kuuliza sababu.

Mchezo wetu wa bao haumpi sadfa nafasi. Mashimo 32 na kete 64 ziko wazi machoni pa wachezaji wote wawili, na anayefungwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Maofisa wa Prussia walitambua kwamba vita havifanani na mchezo wa namna hiyo. Mnamo 1824, Luteni von Reiswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na babake. Mwamuzi alimficha kila mchezaji yale ambayo kamanda wa kweli asingeweza kuyaona, na dadu ikaamua madhara ya risasi na mizinga. Mkuu wa majeshi, von Müffling, alipouona aliusifu kuwa ni mafunzo hasa ya vita, wala si mchezo tu.

Hata hivyo, dadu ina pande sita zinazojulikana. Mchezaji hajui upande upi utatokea, lakini anajua kwamba wa saba haupo. Vitani, upande wa saba upo.

Tazama mapigano ya Midway ya Juni 1942. Maofisa wawili wa Japani, Fuchida na Okumiya, waliandika baada ya vita kwamba katika mchezo wa majaribio uliofanywa mwezi mmoja kabla, dadu ya mwamuzi ilionyesha manowari mbili za kubebea ndege zimezamishwa. Admirali Ugaki aliyapunguza mabomu yaliyolenga shabaha kutoka tisa hadi matatu, na hata ile manowari moja iliyokubaliwa kuwa imezama ikafufuliwa katika hatua iliyofuata. Baharini hapakuwa na wa kuifufua. Tarehe 4 Juni, McClusky, aliyeongoza kundi la ndege za Marekani, hakumkuta adui mahali alipotarajiwa. Mafuta yakiwa yanapungua, aliona manowari moja ya Kijapani, Arashi, ikienda kasi peke yake baada ya kubaki nyuma ikiwinda nyambizi. Akafuata upande iliokoelekea. Katika muda wa dakika chache, manowari tatu za kubebea ndege zilikuwa zikiwaka moto. Ya nne ilipigwa alasiri.

Hiyo ilikuwa sadfa. Lakini ndege hizo zisingekuwa hapo kabisa kama Wamarekani hawangekuwa wamefumbua sehemu ya maandishi ya siri ya Wajapani. Sadfa ilimkuta aliyejiandaa.

Karibu na kwetu tunao mfano wa Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na takriban 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Wakati wa mapigano nyuki waliochokozwa walitoka mizingani wakawauma watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walirejea melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi tele. Tangu siku hizo wapo wanaovieleza vita hivyo kwa neno moja tu: nyuki.

Kwa hakika, maelezo hayo ni maficho. Kabla ya askari kushuka, nahodha wa manowari Fox alikuwa amekwenda bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamevunjwa. Von Lettow-Vorbeck akapata wasaa wa kuwaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Nchi haikupelelezwa ipasavyo, na wengi wa wavamizi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Nyuki walikuja baada ya hayo yote.

Ndiyo maana nawasihi walimu wa historia wasiridhike na jibu la nyuki, wala wasimfundishe mwanafunzi kwamba mshindi alikuwa lazima ashinde. Wamwulize: ni lipi lililopangwa, lipi lililopuuzwa, na lipi lililozuka tu? Maswali hayo matatu yana faida kuliko orodha ya sababu sita za kukariri.

Na anayecheza vita kwenye kompyuta akumbuke jambo moja zaidi. Mchezo ukiisha, vipande hurudishwa sandukuni. Vita vilivyoendelea baada ya Tanga viliwaua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, lililotamkwa kwa ndimi zetu, limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hao hawakurusha dadu yoyote. Walirushiwa.