Kutulia na kupumua polepole: je, inaweza kugusa jeni zetu?

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitoa matokeo ya kazi iliyofanyika hapa kwetu, katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma. Connie Mulligan na wenzake walifuata wamama 25 pamoja na watoto wao wachanga. Wamama waliulizwa mambo waliyopitia wakati wa mimba: vita, kukimbia nyumba, kubakwa, na pia zile shida za kila siku. Kisha damu ya mama na ya kitovu cha mtoto ikapimwa.

Ilionekana kwamba pale mama alipoteseka zaidi, mtoto alizaliwa na kilo kidogo, tena jeni yake moja inayoitwa NR3C1 ilikuwa na alama nyingi za kemikali juu yake. Jeni ile inasaidia mwili kusikia kortisoli, homoni ya stresi, na kujua sasa inatosha, izimwe. Kwa hiyo mtu anaposema "mawazo mingi itaniua", haiko maneno ya bure. Mawazo inafika mpaka kwenye damu.

Sasa ulizo: kama mateso inaweza kugusa jeni, kutulia nako je?

Kwanza tuelewane. Kila chembe ya mwili iko na jeni karibu 20.000, na hizo hazibadilike kwa sababu umekasirika ao umefurahi. Ulizozaliwa nazo ndizo utazikwa nazo. Kinachobadilika ni namna zinavyosikika. Anayekaa kwenye studio yetu mbele ya meza ya sauti ataelewa haraka: vitufe viko vilevile asubuhi na jioni, lakini fundi anapandisha kimoja, anashusha kingine. Mwili pia unafanya hivyo. Alama ndogo za kemikali zinashikamana na jeni, zingine zinaishusha sauti, zingine zinaiacha ipande.

Mtu akiwa na hofu ya siku nyingi, mwili unabaki umepandisha jeni za kujikinga, kama vile kidonda kinakuja kesho. Kidonda hakiji, lakini mwili unaendelea kuwaka ndani, kile waganga wanaita inflamasio. Ikidumu miaka, inaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, ya sukari, na inachosha tu mtu.

Mazoezi tunayozungumzia hapa ni kukaa na kufuata pumzi yako, kuona mawazo yakipita bila kuyakimbilia ao kuyafukuza. Asili yake ni kwa Wabudha wa Asia. Ila mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kama masomo kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, akiondoa mambo ya dini. Naandika hivi kwa sababu najua kuna wale wataogopa kwamba tunawaletea dini ingine. Hapana. Mkristo ao mwislamu anaweza kufuata pumzi yake na kubaki vile alivyo.

Kazi iliyotajwa sana juu ya jeni ilitoka mwaka 2014, na watafiti wa Wisconsin (Marekani), Uhispania na Ufaransa, akiwemo Perla Kaliman na Richard Davidson. Walichukua watu 19 waliozoea mazoezi haya tangu miaka mingi, wakawaacha wayafanye siku nzima, saa 8. Watu wengine 21 wasiozoea walikaa siku ileile kwa utulivu tu: kusoma, kuangalia filamu za mafundisho, kutembea. Damu ilichukuliwa asubuhi na jioni.

Asubuhi, jeni walizopima hazikuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Jioni, kwa wale waliozoea, baadhi ya jeni za inflamasio zilikuwa zimeshuka sauti, zikiwemo RIPK2 na COX2. Hiyo COX2 mnaifahamu bila kujua jina lake: inaamuru kutengenezwa kwa ile protini ambayo vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki vinazuia unapomeza kwa ajili ya mgongo. Tena, wale ambao jeni zao zilishuka zaidi, kortisoli yao ilirudi chini haraka zaidi walipowekwa kwenye jaribio la kusema na kuhesabu mbele ya watu.

Kwangu mimi, lile kundi la pili ndilo linafanya utafiti huu uwe na maana. Wangelinganishwa na watu waliokuwa sokoni, tungesema ni mapumziko tu.

Tusiharakishe lakini. Watu 19 ni kidogo, na walikuwa wazoefu kabisa. Kuna kazi ingine ya Marekani, ya 2012, kwa wazee 40 wa miaka 55 mpaka 85: baada ya majuma 8, wale waliofundishwa walijisikia wapweke kidogo kuliko mbele, na jeni za inflamasio zilishuka. Mwaka 2017, watafiti walikusanya kazi 18 za namna hii, zenye watu 846, wakiweka pamoja na yoga na tai chi. Nyingi zilielekea upande uleule. Ila kushuka kwa jeni katika damu haiko sawa na kupona ugonjwa. Mwenye presha aendelee kumeza dawa yake, mwenye sukari vilevile. Na hakuna pumzi itakayorudisha shamba la mtu aliyekimbia.

Kujaribu haiombi franga. Kaa mgongo wima, fuata hewa inavyoingia na kutoka, dakika 10. Akili ikienda kwenye deni la duka, irudishe bila kujigombeza. Itaenda tena, irudishe tena, njo kazi yenyewe. Makelele ya motari inje haizuii, nayo unaisikia tu inapita.

Jambo moja la kuangalia sana: kwa waliopitia ubakaji ao mauaji, kufunga macho katika kimya kunaweza kurudisha picha zote kwa mara moja. Ikitokea, fungua macho, kanyaga chini miguu yote miwili, taja vitu unavyoviona chumbani, uache zoezi siku ile. Na kwa mtu kama huyo, ni vizuri aanze akiwa pamoja na mtu aliyesomea kusaidia wenye kiwewe, haiko peke yake nyumbani usiku.