Kocha Yuko Iten, Miguu Iko Kitui

Tuchukue mfano. Kijana wa Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, amemaliza mazoezi ya asubuhi. Anabonyeza saa ya mkononi, simu inapokea, na kabla hajafungua kamba za viatu, kocha wake aliye Iten, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, ameshayaona yote: kilomita 10, kila kilomita dakika 5 na sekunde 20, moyo ukipiga wastani wa mara 168 kwa dakika. Kocha anakunja uso. Juma lililopita kijana huyuhuyu alikwenda kilomita kwa dakika 4 na sekunde 20, na moyo haukuzidi 145. Basi ana malaria, au halali usiku, au amejichosha kupita kiasi.

Hana malaria wala hakukesha. Alikimbia mtoni.

Mito mingi ya Ukambani, yaani kaunti za Kitui, Machakos na Makueni, hubeba maji majuma machache tu ya mvua. Miezi iliyobaki ni uwanda wa mchanga, na mkimbiaji aliyechoka kukwepa malori kwenye barabara ya Kibwezi hadi Kitui huona afadhali ashuke huko. Lakini mchanga una gharama yake. Mwaka 1998, watafiti Lejeune, Willems na Heglund wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kukimbia mchangani hula nishati mara 1.6 ya ile inayoliwa kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Mguu unapozama, sehemu ya kazi ya misuli huishia kuusukuma mchanga badala ya kuusukuma mwili, na misuli na kano hufanya kazi kwa ufanisi mdogo. Moyo wa kijana wetu ulikuwa sawa kabisa. Ulilipa deni la mchanga.

Saa ilipeleka hesabu bila kupeleka sababu. Ukocha wa mbali husimama au kuanguka kwenye pengo hilo, na sehemu kubwa ya sayansi yake ni namna ya kuliziba.

Kwa nini mtu wa Kitui atafute kocha wa mbali

Ukambani si mgeni wa mbio. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyeanzia kwenye ndondi, ndiye bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni. Alishinda Newcastle, Uingereza, mwaka 1992. Cosmas Ndeti wa Machakos alitwaa Boston Marathon miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, naye wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38.

Pamoja na majina hayo, makambi na makocha wengi wa mbio ndefu wako Bonde la Ufa, iliko Iten. Kijana wa Makueni anayetaka kulelewa katika mbio anapaswa kufunga safari, kulipa chumba, kununua chakula na kukaa miezi bila kipato. Aliye na bodaboda ya kuendesha, au masomo katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, hawezi. Simu ndiyo inayomfungulia mlango: programu ya juma inaingia kwa WhatsApp Jumapili jioni, ada inatumwa kwa M-Pesa, na matokeo yanarudi kila siku. Biashara hiyo huenda pande zote mbili, maana wapo makocha wa Kenya wanaowafundisha wakimbiaji wa Ulaya na Marekani ambao hawajawahi kuonana nao ana kwa ana.

Wahenga walionya kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Swali ni je, fimbo hii inaweza kurefushwa kiasi gani?

Hewa haitumwi kwa simu

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni takriban robo tatu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mwili hujibu: figo huongeza homoni iitwayo erithropoietini, na katika majuma matatu au manne uboho wa mifupa unakuwa umeongeza chembe nyekundu za damu, mradi madini ya chuma yapo ya kutosha mwilini. Mji wa Kitui na mji wa Wote iko kwenye mita 1,100 hivi. Vilima vya Mbooni na Kilungu vina miinuko mizuri ya kujenga nguvu za miguu, lakini hewa yake haifikii wembamba wa Iten.

Maana yake ni kwamba programu iliyoandikwa kwa vijana wa Iten haifai kunakiliwa na kutumwa Wote jinsi ilivyo. Kwenye hewa nzito zaidi, muda uleule wa kilomita ni kazi nyepesi, kwa hiyo mwanariadha wa Wote anaweza kuonekana hodari kuliko alivyo. Jua likipanda, mambo yanageuka.

Sehemu kubwa ya nishati ya misuli, robo tatu au zaidi, hugeuka joto. Ili kulitoa, mwili hupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho, na jasho hilo hupunguza maji ya damu. Damu inayorudi moyoni inapungua, kila pigo linasukuma kidogo, na moyo unafidia kwa kupiga haraka zaidi. Ndiyo sababu mkimbiaji wa Makindu anayeanza saa nne asubuhi mwezi Februari huona mapigo yakipanda taratibu, kumi au zaidi kwa dakika, ingawa mwendo haujabadilika. Kocha asiyejua saa ya kuanza wala hali ya jua atadhani kijana amefifia.

Joto lina fadhila pia. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne za kulizoea, maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na chumvi yake hupungua. Mtu wa nyanda za chini za Kitui amepata bure kile ambacho mwenzake wa nyanda baridi anapaswa kukifanyia mazoezi kabla ya mashindano ya kiangazi. Kocha mwerevu huliweka hilo kwenye mizani.

Saa nayo hudanganywa

Saa nyingi za mkononi hazisikilizi moyo. Zinamulika ngozi kwa taa za kijani, kisha zinapima mwanga unaorudi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila pigo likijaza mishipa, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu mawimbi hayo. Tatizo ni kwamba mkono unaoyumba nao huisukuma damu. Mkimbiaji hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, na saa iliyolegea inaweza kushika mdundo wa hatua na kuutangaza kuwa ni moyo. Kocha anapoona mapigo 176 yaliyonyooka kama mstari kwenye mbio za pole, swali lake la kwanza liwe: “Saa ilikuwa imekazwa?” Mkanda wa kifuani hupima umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo hauchanganywi kwa urahisi hivyo.

Lakini kifaa kinachofaa zaidi kwa kocha wa mbali hakina betri. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, alionyesha zamani kwamba mtu anaweza kuipa alama juhudi yake mwenyewe kwa usahihi wa kutosha. Mwaka 2001, Carl Foster na wenzake wa Marekani walilichukua wazo hilo wakalirahisisha: nusu saa baada ya mazoezi, muulize mwanariadha yalikuwa magumu kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika alizofanya. Dakika 60 zenye ugumu wa 3 ni 180. Dakika 60 mtoni zenye ugumu wa 7 ni 420. Jumla ya juma inamwonyesha kocha mzigo halisi uliobebwa, na ujumbe mfupi wa simu ya kitufe unatosha kuipeleka.

Je, maneno ya mtu yanaaminika kuliko vipimo? Mwaka 2016, jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa Anna Saw na wenzake wa Australia, waliopitia tafiti 56 zilizolinganisha mambo hayo mawili. Majibu ya wanariadha wenyewe kuhusu hali yao, kama uchovu na msongo, yalifuata mabadiliko ya mzigo wa mazoezi kwa wepesi na uthabiti kuliko vipimo vya damu, homoni na mapigo ya moyo.

Uchovu wenyewe una hesabu yake. Tangu 1975, Eric Banister wa Kanada na wenzake waliyaeleza mazoezi kuwa huzaa vitu viwili kwa pamoja: uimara unaokaa na uchovu unaopita. Katika hesabu zilizojengwa juu ya wazo hilo, uchovu hufifia kwa juma moja au mawili, ilhali uimara huchukua kama majuma sita. Kwa hiyo mwanariadha aliye katikati ya mzigo mzito huonekana mbovu akiwa kwa kweli anajengeka. Kocha aliye karibu hulisoma hilo usoni na kwenye hatua. Aliye mbali hana budi kuambiwa.

“Niko sawa, kocha”

Kuambiwa ndiko kugumu. Swali la “Uko sawa?” huzaa jibu moja tu: “Niko sawa, kocha.” Kijana analelewa kumheshimu mkubwa, na kulalamikia programu huonekana utovu wa adabu au uvivu. Isitoshe, anaogopa kuachwa. Basi maswali yapaswa kuwa ya vitu vinavyohesabika: umelala saa ngapi na kuamka saa ngapi, jana jioni ulikula nini, ulikimbia wapi, baada ya mazoezi ulifanya kazi gani.

Swali hilo la mwisho lina uzito wake Ukambani. Wakati wa kiangazi, safari ya maji inaweza kula nusu ya asubuhi, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20 mgongoni. Saa imevuliwa, imewekwa mezani. Kwenye kumbukumbu zake hiyo ni mapumziko. Chakula nacho kina neno. Muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) kwa maharagwe humpa mkimbiaji wanga na protini vizuri, lakini chai anayoishushia inapunguza ufyonzaji wa chuma kilicho ndani ya maharagwe hayo. Akiisogeza mbele saa moja au mbili, tatizo limepungua bila kutumia hata shilingi.

Kwa wasichana kuna jambo zito zaidi. Mwili unaochoma nishati nyingi kuliko unayoingiza huanza kufunga shughuli zisizo za lazima, na hedhi hukoma. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililieleza tatizo hilo kwa upana mwaka 2014. Mifupa hudhoofika na kupata nyufa. Binti wa Mutomo hatamwandikia hayo mwanamume asiyemjua. Kocha anayewajibika humtafuta mwanamke wa karibu, mwalimu wa michezo au muuguzi, wa kuwa kiungo.

Jicho la pili

Mfano mkubwa wa Kenya wa kujifunza kwa mbali ni wa mrusha mkuki. Julius Yego alijifunza kwa kutazama video za mabingwa kwenye YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing kwa mita 92.72. Mara nyingi kisa chake husimuliwa kana kwamba video zilitosha. Hazikutosha: katikati ya mwanzo ule na dhahabu ile alikwenda Kuortane, Ufini, kufanya mazoezi chini ya kocha Petteri Piironen. Video zilimfikisha mbali, kisha akahitaji jicho la mtu.

Mkimbiaji wa Kitui anaweza kulipata jicho hilo bila kupanda ndege. Mwenzake akisimama kando ya uwanja wa Ithookwe, simu kwenye usawa wa kiuno, akampiga video ya mwendo wa pole akipita mara mbili, mwanzoni mwa mazoezi na mwishoni akiwa amechoka, kocha ataona nyonga inayoanguka au mguu unaotua mbele mno. Mtu huyo wa karibu ana kazi nyingine pia. Kocha wa mbali haoni vidonge. Chini ya kanuni za dunia za kupambana na dawa haramu, ambazo nchini husimamiwa na shirika la ADAK, mwanariadha hubeba lawama ya chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata akidai alipewa. Anayeletewa “vitamini” kwa basi na kocha asiyemfahamu amepata sababu ya kukatiza mkataba siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma ada ya mwezi wa pili, mwanariadha na apitie ujumbe wa mwezi wa kwanza. Kocha aliyekuwa akiuliza muda na kilomita peke yake anaweza kubadilishwa na saa yenyewe, na kwa gharama nafuu zaidi. Aliyeuliza jua lilikuwa wapi, ulikimbia mchangani au kwenye lami, maji yalitekwa na nani na chai ilinywewa saa ngapi, huyo analipwa kwa haki.