Umekariri fomula, lakini umeelewa?

Hebu nikupe kamtihani. Kalkuleta weka kando kwanza.

Kampuni inakuita kazi na kukwambia, "Hapa wastani wa mshahara ni Sh60,000." Utaruka kwa furaha? Ngoja. Wafanyakazi ni kumi: tisa wanalipwa Sh20,000 kila mmoja, mdosi anabeba Sh420,000. Jumlisha, gawa kwa kumi, unapata Sh60,000 kamili. Hujadanganywa, lakini hakuna hata mmoja anayepokea pesa hiyo. Sasa panga mishahara kuanzia mdogo hadi mkubwa, uangalie ya katikati: Sh20,000. Hiyo ndiyo utakayolipia nyumba.

Ukimwambia mwanafunzi wa biashara atafute wastani, ataupata chap chap. Muulize ni lini wastani unapotosha, wengi kimya. Ndiyo maana swali zuri la takwimu haliishii kwa "tafuta", linauliza, "Wewe ungeamua nini?"

Sensa ya 2019 ilionyesha kaya ya Kenya ina wastani wa watu 3.9. Ushawahi kukutana na mtu wa 0.9? Namba hiyo inasaidia kupanga mambo ya nchi, haisemi kwenu mnalala wangapi.

Kabla ya CAT ijayo, jipime hivi: andika matumizi yako ya siku saba, utafute wastani na namba ya katikati. Zikiachana sana, isake siku iliyozivuruga. Ukiweza kumweleza mama mboga sababu bila kutaja fomula, basi umeelewa.