Jinsi Jamii Iongozavyo Mwenendo wa Mtu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni aibu na haya. Aibu humjia mtu kutoka nje: ni fedheha impatayo tendo lake baya likijulikana. Haya imo ndani yake: humzuia asitende, hata akiwa peke yake gizani pasipo jicho la kumwona. Lakini hakuna azaliwaye na haya. Mtu hufunzwa na wazazi, na majirani, na wenzake wa rika, hata makatazo ya watu yakawa yake mwenyewe. Hapo ndipo litokapo swali letu. Mtu atendapo jambo, je, ni yeye peke yake atendaye, au wale waliomlea nao wanatenda ndani yake?

Aliyelishika swali hili kwa nguvu kuliko wengi ni Émile Durkheim, Mfaransa, aliyezaliwa Épinal mwaka 1858, mwana wa rabi wa Kiyahudi. Alifundisha Bordeaux tangu 1887 na Paris tangu 1902, akafa mwaka 1917. Katika kitabu chake cha kanuni za elimu ya jamii, kilichotoka mwaka 1895, alisema ya kuwa ziko njia za kutenda, za kufikiri na za kuhisi ambazo mtu hakuzibuni mwenyewe. Alizikuta tayari alipozaliwa, naye ataziacha atakapokufa. Tena zina nguvu ya kumlazimisha.

Mfano mmoja alioutoa ni lugha. Mfaransa halazimishwi na mtu kusema Kifaransa na wenzake, lakini hawezi kufanya vingine. Sisi nasi twauona mfano huo katika ngeli zetu. Mtoto akisema "kitabu yangu", wenzake humcheka papo hapo, na kesho husema "changu". Kicheko kile ndicho adhabu ya jamii. Aifuataye desturi haoni uzito wake. Huuona siku aivunjapo. Ndiyo maana wazee walisema: Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Labda msomaji atajibu kwamba lugha na mavazi ni mambo ya nje tu, bali siri za moyo ni za mtu mwenyewe. Durkheim alilitazamia jibu hilo. Akachagua tendo lionekanalo kuwa la mtu mmoja kuliko yote, yaani kujiua, akaliandikia kitabu mwaka 1897.

Alizichunguza hesabu za serikali za nchi za Ulaya. Akaona kwamba katika kila nchi kiasi cha wajiuao, kikilinganishwa na wingi wa wenyeji, hakibadiliki sana mwaka hata mwaka. Tena nchi moja huipita nyingine, na tofauti hiyo hudumu. Basi waliokufa mwaka huu si wale waliokufa mwaka jana. Hawakujuana, wala hawakupatana. Kama kila mmoja aliongozwa na huzuni yake tu, mbona hesabu zakaribiana hivi? Lazima iwepo sababu iliyo kubwa kuliko mtu mmoja mmoja.

Akaitafuta. Waprotestanti walijiua zaidi ya Wakatoliki, ingawa dini zote mbili zakataza. Kwa jumla wasio na ndoa walizidi wenye ndoa, na wenye watoto walikingika zaidi. Vita vikubwa vya taifa vilipotokea, hesabu zilishuka. Jawabu lake ni kwamba kinachomkinga mtu ni kifungo kimfungacho na wenziwe. Kifungo kikilegea, mtu hubaki na nafsi yake tu, nayo haimtoshi. Lakini kikikazwa mno, nacho huua: katika majeshi ya zama zile, ambamo askari alifunzwa kutohesabu uhai wake kuwa kitu, hesabu zilizidi zile za raia.

Iko sababu nyingine. Mwaka 1873 biashara ya fedha ilianguka Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1872 watu 141 walijiua katika mji ule. Mwaka 1873, watu 153. Mwaka 1874, watu 216. Tungesema ni umaskini. Durkheim alikataa, maana Ireland ilikuwa maskini na wajiuao walikuwa wachache. Tena hesabu zilipanda hata pale utajiri ulipokuja kwa ghafula. Tamaa ya mtu, alisema, haina mpaka wa asili. Jamii ndiyo imwekeayo mpaka, ikimwambia: watu wa hali yako hutumaini hiki, hawatumaini kile. Hali zikigeuka ghafula, kwa hasara au kwa faida, mpaka ule huvunjika, na mtu hajui tena la kutumaini. Hali hiyo ya kukosa kanuni aliiita anomia.

Hoja hizo hazikupita bila kupingwa. Maurice Halbwachs, Mfaransa mwenziwe, alionyesha mwaka 1930 kwamba dini si rahisi kutengwa na maisha ya shamba na ya mji. Jack Douglas wa Marekani aliandika mwaka 1967 kwamba hesabu zenyewe huandikwa na watu: penye aibu kubwa, jamaa huficha, na afisa huandika sababu nyingine ya kifo. Basi jamii imo hata ndani ya daftari.

Max Weber, Mjerumani aliyekufa mwaka 1920, alianzia upande mwingine. Kwake haitoshi kuhesabu matendo. Yapasa kufahamu maana ambayo mtendaji ameyapa. Katika makala zake za 1904 na 1905 alieleza jinsi wafuasi wa Calvin, wakitafuta dalili ya kuwa wameteuliwa na Mungu, walivyofanya kazi kwa bidii bila anasa, na mali ikakusanyika. Baadaye imani ilipoa, lakini mwenendo ule wa kazi ulibaki, ukiwalazimisha hata wasioamini.

Naye Charles Cooley wa Marekani, katika kitabu cha 1902, alifananisha wenzetu na kioo. Twawazia jinsi tuonekanavyo kwao, twawazia hukumu yao, kisha twajivuna au twaona haya. Hapo aibu ya nje huingia ndani.

Tukiyajumlisha haya, hatusemi kwamba mtu hana hiari. Hesabu ya taifa haitaji jina la atakayekufa. Lakini mtu akijiangamiza, si haki kumhukumu yeye tu na kuwaacha waliomzunguka bila kuulizwa neno. Durkheim hakuona dawa katika ukali wala katika mawaidha matupu. Alitaka watu wa kazi moja wawe na vyama vyao, ili kila mmoja awe na wenzake wa karibu wamjuao, wamtegemezao na kumwekea kiasi. Kwa walimu na wazee neno hili lina kazi ya kila siku: tumwonapo mtu amejitenga, au amepata au kupoteza mali kwa ghafula, tusingoje afanye neno ndipo tuulize. Twende kwake, tukae naye, tumrudishe baina ya watu.